Watuvalu wa New Zealand: viza 75 kwa mwaka, lakini jamii imekua zaidi ya mara tatu. Hawa wengine wametoka wapi?

Mwalimu wa Jiografia, Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam nyingi kutoka Tanga. Ninafundisha jiografia kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya uhamaji huwa naona wanafunzi wanakariri kanuni bila kuiona ikifanya kazi. Safari hii nimeamua kuwatafutia jamii moja ya ughaibuni, ndogo kiasi kwamba kijana anaweza kuifuata kwenye daftari lake tangu sensa moja hadi nyingine, na baada ya kusoma huku na huku nimewachagua Watuvalu wa New Zealand.

Kwa ambaye hajapata kuisikia, Tuvalu ni nchi ya visiwa tisa katikati ya Bahari ya Pasifiki, iliyopata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 1 Oktoba 1978. Ardhi yake yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 26, na sensa yao ya 2017 ilihesabu watu 10,645, idadi ambayo hapa kwetu kata moja ya mjini inaweza kuizidi. Upande wa New Zealand, sensa ya 2001 iliwakuta Watuvalu 1,965. Mwaka 2006 walikuwa 2,600 na ushee, mwaka 2013 wakawa 3,537, mwaka 2018 wakafika 4,653, na sensa ya 2023 imewakuta 6,585. Maana yake ni kwamba kwa kila Watuvalu watano walioko visiwani, kuna watatu wanaohesabiwa New Zealand.

Hapo ndipo nilipokwama. Magazeti mengi yanaandika kwamba bahari inapanda, watu wanakimbia, ndiyo maana jamii hiyo inakua kwa kasi. Lakini New Zealand iliweka mlango mwembamba sana: tangu 2002 Tuvalu ilitengewa nafasi 75 tu za ukaazi kwa mwaka, tena kwa kura ya bahati. Nikapiga hesabu ya miaka 21 mara 75, nikapata 1,575, ilhali ongezeko kati ya 2001 na 2023 ni watu 4,620. Watu elfu tatu na zaidi wametoka wapi? Nilipoliuliza swali hili darasani, kijana mmoja akajibu, «Wamezaliwa,» na mwingine akajibu, «Wamezamia.» Sikutaka kuwajibu kwa kubahatisha, kwa hiyo nimelileta hapa.

Karani Mstaafu wa Sensa, Dodoma

Mwalimu, nakushukuru kwa swali lililoulizwa kwa hesabu. Nimefanya kazi za sensa miaka mingi na ninakwambia kwamba kijana wako wa kwanza amekaribia zaidi, ingawa jibu kamili lina sehemu ambayo hakuna kati ya hao wawili aliyeigusa.

Tuanze na hiyo 1,575. Umewahesabia hata zaidi ya walichopewa, kwa sababu zile nafasi 75 ni za vichwa, si za familia. Akishinda baba mmoja mwenye mke na watoto watatu, nafasi tano zimekwenda. Isitoshe, kushinda kura hakutoshi: mshindi anatakiwa apate ahadi ya kazi New Zealand ndani ya muda aliopewa, na mtu aliyeko Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, kumshawishi mwajiri wa Auckland kwa simu si jambo jepesi. Kisha mwaka 2020 mipaka ya New Zealand ilifungwa kwa ajili ya UVIKO, na kura hiyo ikasimama hadi 2022. Sasa angalia ongezeko kubwa kuliko yote liko wapi: liko kati ya sensa ya 2018 na ya 2023, watu 1,932 zaidi, sawa na asilimia 41.5, katika kipindi ambacho kwa karibu miaka miwili milango ilikuwa imefungwa. Jamii iliyokua namna hiyo mlango ukiwa umefungwa imekua kutokea ndani ya nyumba.

Sababu yake imo katika masharti ya viza yenyewe. Anayeruhusiwa kuingia kwenye kura ni mtu wa umri wa miaka 18 hadi 45. Hiyo ndiyo miaka ya kuoa, kuolewa na kuzaa. Serikali ilidhani inachagua wafanyakazi, na kweli iliwapata, lakini pamoja nao ilikuwa inachagua wazazi. Hivyo wahamiaji 75 wa jamii hii hawalingani na watu 75 waliookotwa popote. Miaka kumi baadaye wamekuwa nyumba zenye watoto wa shule, na wazee wa kuzikwa ni wachache mno. Mwaka 2018 umri uliowagawa wakazi wote wa New Zealand nusu kwa nusu ulikuwa kama miaka 37. Kwa Watuvalu wa huko ulikuwa miaka ishirini na kitu kidogo. Wachoree wanafunzi piramidi ya umri ya kila upande, waziweke sambamba, na swali la «wametoka wapi» litaanza kujibika lenyewe.

Sasa nije kwenye ile sehemu isiyoguswa, nayo ni nani anayeitwa Mtuvalu. Sisi Tanzania hatujauliza kabila kwenye sensa tangu ile ya 1967, kwa hiyo wasomaji wengi wa hapa hudhani kwamba takwimu ya aina hii inahesabu pasipoti au mahali pa kuzaliwa. La hasha. New Zealand humuuliza mtu mwenyewe anajihesabu kuwa wa kundi gani la asili, na humruhusu kutaja zaidi ya moja. Mtoto wa baba Mtuvalu na mama Msamoa, akitaja pande zote mbili, huingia mzimamzima katika hesabu ya Watuvalu na mzimamzima katika hesabu ya Wasamoa, wala hagawanywi nusu kwa nusu. Ndiyo maana ukijumlisha makundi yote ya nchi ile unapata zaidi ya asilimia mia. Kila ndoa ya mseto, badala ya kuipunguza jamii, inaweza kuiongezea watu, ilimradi watoto wakumbuke kuandika.

Tahadhari mbili kabla sijaweka kalamu chini. Sensa ya 2018 ilikwenda vibaya: watu wengi hawakujaza fomu, na jamii za Pasifiki ziliathirika kuliko wastani, ikabidi mapengo yazibwe kwa kumbukumbu nyingine za serikali. Kwa hiyo sehemu ya lile ongezeko la asilimia 41.5 huenda ni watu waliokuwapo siku zote ila mwaka 2018 hawakuonekana vizuri. Halafu, waambie wanafunzi wajaribu kuigawa kila takwimu uliyoitaja kwa tatu: 1,965, 3,537, 4,653, 6,585. Zote zinagawanyika bila baki. Idara ya takwimu ya New Zealand hukadiria kila idadi, juu au chini kwa bahati nasibu, hadi kigawe cha tatu, kwa makusudi, ili katika kijiji chenye Mtuvalu mmoja au wawili mtu asiweze kumtambua jirani yake kwa kusoma jedwali. Kwa jamii ndogo jambo hilo ni heshima kubwa, nami napenda sana vijana walijue.

Mama Neema, Auckland

Ndugu zangu, nimelisoma swali hili usiku nikitoka kazini na nimeshindwa kulala bila kujibu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, nikalelewa kambini Kigoma, na sasa ni miaka mingi naishi Auckland ya magharibi. Watuvalu ndio majirani zangu. Ukiwatafuta New Zealand, wengi mno utawakuta jiji hili, na ndani ya jiji utawakuta upande huu wetu, Henderson, Ranui, Massey, kwa sababu wa kwanza walipata kazi mashambani na viwandani huku, na ndugu humfuata ndugu.

Karani amesema «ilimradi watoto wakumbuke kuandika». Naomba niwaeleze jambo hilo lilivyo, maana nililiona. Sensa ya mwisho ilikuwa tarehe 7 Machi 2023, wiki chache tu baada ya mafuriko ya mwezi Januari yaliyoingia kwenye nyumba nyingi za mtaa wetu. Jioni ile nilikuwa nimekwenda kumrudishia jirani sufuria yake. Mazulia yalikuwa yameng'olewa, sakafu ni mbao tupu, na familia yote imekaa kwenye mkeka wakiwa na fomu ya karatasi, kwa kuwa bibi hakutaka mambo ya simu. Mjukuu wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa karani wao. Akafika kwenye swali la asili. Pale pana visanduku vya kutia alama: Mzungu wa New Zealand, Mmaori, Msamoa, wa Visiwa vya Cook, Mtonga, Mniue, Mchina, Mhindi. Tuvalu hakuna. Anayetaka kuhesabiwa Mtuvalu lazima ashuke hadi mahali palipoandikwa «nyingine» na aandike kwa mkono wake herufi kwa herufi. Kijana, ambaye mama yake ana damu ya Samoa, alitia alama kwenye Msamoa akataka kufungua ukurasa. Bibi akamshika kifundo cha mkono. Hakusema neno kali; alimwonyesha tu ule mstari mtupu, akasubiri mpaka kijana akaandika. Ninaposoma kwamba wamefika 6,585 namkumbuka bibi yule, kwa sababu najua kwamba wengi wa watu hao wameandikwa na mtu aliyeona inafaa kuandika.

Kuhusu yule kijana wa «wamezamia», Mwalimu, usimkaripie, lakini mweleze kwamba New Zealand haifikiwi kwa mtumbwi kutoka Tuvalu. Wapo watu walioingia kwa viza halali ya kutembelea ndugu au ya kazi, muda ukaisha, wakabaki. Hao, hata ukiwasihi, huogopa karatasi yoyote yenye nembo ya serikali, kwa hiyo mara nyingi wanaipunguza takwimu kuliko kuiongeza. Watoto wao nao wana mtihani: tangu tarehe 1 Januari 2006, mtoto anayezaliwa hapa hapati uraia kwa kuzaliwa tu, mpaka mzazi mmojawapo awe raia au mkaazi wa kudumu. Nimewaona vijana waliozaliwa na kusoma hapahapa, wanaozungumza Kiingereza cha hapa kama maji, ambao kwenye karatasi ni wageni.

Halafu kuna lugha, na hili linaniuma kwa sababu ni yaleyale ya nyumbani kwangu. Kanisa lao kubwa, Ekalesia Kelisiano Tuvalu, linaendesha ibada kwa Kituvalu, na Jumapili utasikia bibi, mama na mtoto wakiimba wimbo mmoja kwa sauti tatu. Ibada ikiisha, watoto wakitoka nje kwenye maegesho ya magari, Kiingereza ndicho kinachowatoka. Wanaelewa wanachoambiwa na bibi; wanamjibu kwa lugha nyingine. Tangu 2012 kuna Wiki ya Lugha ya Kituvalu kila mwaka, mwishoni mwa Septemba kuelekea sikukuu ya uhuru, na shule za huku huwapa watoto nafasi ya kucheza fatele, ngoma yao ya jadi, na kusalimu «talofa» mbele ya wenzao. Ni jambo jema, nalithamini sana. Ila idadi ya wanaojiandika Watuvalu na idadi ya wanaoweza kumwombea mgonjwa kwa Kituvalu ni mistari miwili tofauti, nawe Mwalimu ukichora ule mmoja tu utawapa vijana matumaini ambayo bibi yangu jirani hana.

Mwalimu wa Jiografia, Tanga

Mama Neema na Karani, Mungu awabariki. Yule kijana aliyesema «wamezaliwa» nitamwambia kesho asubuhi. Ile habari ya kugawanya kwa tatu nimeijaribu mwenyewe na nimebaki nikiitazama karatasi.

Naomba nisogee hatua moja. Je, New Zealand ndiyo jamii yao ya kwanza nje ya visiwa, au kuna waliotangulia kwingine? Pili, sensa ya Tuvalu ya 2002 ilihesabu watu 9,561 na ya 2017 ikahesabu 10,645, ongezeko la watu elfu moja na kidogo kwa miaka kumi na mitano, ingawa wanazaana vizuri tu. Je, ni sahihi kuwaambia wanafunzi kwamba nchi inahama, na kwamba hawa ni wakimbizi wa tabianchi?

Baharia wa Kale, Mombasa

Mwalimu, hilo la kwanza niachie mimi, kwa kuwa Watuvalu nimewajua kabla sijajua nchi yao iko upande gani wa ramani. Nilipokuwa kwenye meli za makontena za Wajerumani, nilisafiri na mabaharia wanne wa Tuvalu, na serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alikuwa mmoja wao. Walikuwa wamesoma chuo cha ubaharia kilichoko kisiwa kidogo cha Amatuku, ndani ya Funafuti, ambacho kilianza 1979, na kampuni za Hamburg ziliwapenda kwa sababu walizaliwa majini. Jumamosi jioni walikuwa wakigeuza sanduku tupu la mbao, mmoja akilipiga kwa viganja, wengine wakiimba huku mwendo ukizidi hatua kwa hatua hadi sanduku likaonekana litapasuka. Mimi mtoto wa Pwani, niliyekulia kwenye ngoma, nilikaa kimya nikasikiliza.

Sasa fikirini watu hao kisensa. Mwanamume wa miaka thelathini yuko melini mwaka mzima. Mkewe na watoto wako kisiwani. Mshahara unakwenda kisiwani. Yeye mwenyewe usiku wa sensa yuko kati ya Santos na Rotterdam. Kwa miongo kadhaa jamii kubwa ya Watuvalu ng'ambo haikuwa na mtaa wala kanisa, ilikuwa imetawanyika kwenye madawati ya vyumba vya injini. Biashara ya meli ilipoyumba baada ya 2008, nafasi zao zikapungua sana, na familia zilizotegemea bahari zikaanza kutazama Auckland. Hilo nalo liingie kwenye jibu la swali lako la mwanzo.

Waliotangulia wapo. Wengi walifanya kazi ya fosfeti kisiwani Banaba, mpaka machimbo yale yakafungwa 1979, na kisiwani Nauru, ambako wafanyakazi wa Tuvalu na Kiribati waliwekwa pamoja kwenye majumba ya kampuni. Nauru ilipofilisika, wafanyakazi hao walirudishwa makwao mwaka 2006. Hebu tazama inavyoweza kutokea: jamii ya ughaibuni iliyodumu vizazi viwili inafutika kwenye ramani kwa sababu mgodi umekwisha, na kule visiwani takwimu zinapanda ghafla bila mtoto kuzaliwa.

Lakini iliyonigusa mimi ni Kioa. Serahangi wetu alikuwa na shangazi huko. Watu wa kisiwa cha Vaitupu, baada ya Vita Kuu ya Pili, walikuwa na fedha walizochuma kwa kazi za jeshi la Marekani, na badala ya kugawana wakachanga wakanunua kisiwa kizima huko Fiji. Wa kwanza walihamia 1947. Hawakufukuzwa na mtu wala na bahari. Waliona watoto wanaongezeka na ardhi haiongezeki, wakaamua mapema. Walikaa Fiji karibu miaka sitini kabla ya kupewa uraia mwaka 2005, na hadi leo wako kisiwani kwao, wanazungumza Kituvalu. Kwa hiyo ukimwuliza mtu wa Vaitupu habari za kuhama kwa ajili ya ufinyu wa ardhi, atakujibu kwamba babu zake walilifikiria jambo hilo kabla ya mikutano yote hii ya tabianchi.

Karani Mstaafu wa Sensa, Dodoma

Ahsante sana, Mzee wa bahari, hiyo ya Nauru nitaiazima.

Mwalimu, swali lako la pili nalijibu kwa uangalifu kwa sababu neno «mkimbizi» lina maana kisheria, na Mama Neema hapa anaijua kwa mwili wake. Mwaka 2014 baraza la rufaa za uhamiaji la New Zealand liliiruhusu familia moja ya Tuvalu kubaki, na magazeti ya dunia yakaandika kwamba wakimbizi wa kwanza wa tabianchi wamepatikana. Ukisoma uamuzi wenyewe unaona mengine: ombi lao la ukimbizi halikukubaliwa, na ukaazi walipewa kwa misingi ya ubinadamu, uzito mkubwa ukiwa kwenye ndugu zao wa karibu waliokuwa tayari wanaishi New Zealand na kwenye maslahi ya watoto. Yaani kilichowaokoa ni ile jamii unayoifundisha. Bahari inapanda kweli, maji ya chumvi yanapenya kwenye mashimo wanamolima pulaka, zao lao linalofanana na magimbi, na hakuna Mtuvalu asiyeliwazia jambo hilo anapojaza fomu ya kura. Lakini anaijaza pia kwa ajili ya shule, mshahara, dawa na mama mkwe aliyetangulia. Mtu mmoja anaweza kuwa na sababu tano, na sensa haimuulizi hata moja.

Kuhusu nchi kuhama, mpaka 2017 ningesema kwamba Tuvalu ilikuwa inatoa ongezeko lake na kubaki na mtaji. Waliozaliwa zaidi ya waliokufa ndio walioondoka, hivyo idadi ya nyumbani ikasimama karibu palepale. Kuanzia sasa hesabu inabadilika. Tarehe 9 Novemba 2023, huko Rarotonga, waziri mkuu wa Australia Anthony Albanese na mwenzake wa Tuvalu Kausea Natano walitia saini mkataba wa Falepili, neno la Kituvalu linalotaja wajibu wa kumtunza jirani kama mtu wa nyumbani mwako. Ulianza kutumika Agosti 2024, na unawapa Watuvalu hadi 280 kila mwaka haki ya kwenda kuishi, kusoma na kufanya kazi Australia. Kura ya kwanza ilifunguliwa Juni 2025, na ilipofungwa mwezi uliofuata majina yaliyoandikishwa, pamoja na ya familia zao, yalikuwa zaidi ya 8,000. New Zealand nayo imeongeza nafasi zake kutoka 75 hadi 150. Jumlisha: nafasi 430 kwa mwaka kwa nchi ya watu 10,645 ni asilimia 4, na hakuna uzazi wa Tuvalu unaoweza kujaza pengo la namna hiyo. Zote zikijazwa na watu wasirudi, mtaji wenyewe utaanza kuliwa. Ninasema «wasirudi» kwa msisitizo, kwa sababu viza ya Australia inamruhusu mtu kwenda na kurudi apendavyo, na aliyejiandikisha kwenye kura hajasema kwamba amefunga mlango wa nyumba yake.

Zingatia pia tofauti hii, ambayo kwa mwalimu wa jiografia ni dhahabu. Kura ya Australia haidai ahadi ya kazi, na haina ile mipaka ya miaka 18 hadi 45 kwa maana ya kumkataa mzee. Bibi wa miaka sabini anaweza kushinda. Kama mambo yatakwenda hivyo, baada ya miaka kumi piramidi ya Watuvalu wa Brisbane au Melbourne haitafanana na ile ya Auckland: itakuwa na kichwa. Watu walewale, kutoka visiwa vilevile, watakuwa na maumbo mawili tofauti kwa sababu ya sharti moja kwenye fomu.

Mama Neema, Auckland

Karani, hapo kwenye bibi wa miaka sabini nimemsomea jirani yangu kwa Kiingereza changu, akacheka sana akasema yeye amezoea baridi ya huku na hahami tena.

Mwalimu, jambo la mwisho kutoka kwangu, ambalo hutalipata kwenye jedwali lolote. Wewe unauliza ni Watuvalu wangapi. Wao wenyewe hawaulizani hivyo. Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, nilialikwa kwenye sherehe ya uhuru katika ukumbi mmoja wa Henderson, nikaona watu wameketi kwa visiwa: Nanumea hapa, Niutao pale, Vaitupu kule mbele, na kila kisiwa kina wazee wake, mfuko wake wa michango ya misiba, na kundi lake la fatele linalotaka kuwashinda wengine. Nui waliniambia kwamba bibi zao walikuwa wakizungumza lugha inayofanana na ya Kiribati, ilhali kwenye fomu ya serikali wote ni Watuvalu tu. Hata jina Tuvalu maana yake ni nane wanaosimama pamoja, kwa kuwa kisiwa cha tisa, Niulakita, hakikuwa na wenyeji wake wa zamani na wanaokaa huko ni watu wa Niutao.

Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni alinisalimu, akanitazama, akaniuliza kwa upole, «Wewe ni wa kisiwa gani?» Nikamwambia mimi sina kisiwa, ninatoka kando ya ziwa kubwa, mbali sana. Akafikiri kidogo, akaangalia ukumbi ulivyojaa, akanionyesha nafasi kwenye mkeka wa Nukulaelae kwa kuwa, alisema, wao mwaka huu ni wachache.